Kula kwenye mgahawa wa nyota Paris kama hunywi pombe wala huli nguruwe

Swali: Assalam aleikum kaka. Mimi na mume wangu tuko Tanga, mwezi wa nane tunaenda Paris kusherehekea miaka 10 ya ndoa, na yeye kang'ang'ania lazima siku moja tukale kwenye mgahawa mkubwa wa Kifaransa, ile yenye nyota. Hatunywi pombe, hatuli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kihalali, Kifaransa hatujui hata salamu, na mie naogopa kuaibika na mauma na mavisu yote yale. Tuvae nini, tuandae hela kiasi gani, na je tutapata kitu cha kula kweli au tutalipa hela nyingi turudi na njaa?

Jibu:

Waaleikum salaam dada, hongera sana wewe na shemeji, miaka 10 si mchezo. Kazi yangu ni ya ukumbini, nahudumia meza kwenye migahawa ya aina hiyo hiyo hapa Paris, kwahiyo haya nnayokwambia ndo yale nnayoyaona kila siku nikiwa nimesimama na sahani mkononi. Nianze kwa kukutoa hofu: mtakula na mtashiba, ila kwa sharti moja tu, waambieni mapema. Sio mkishakaa, sio mkishaletewa menyu, mapema kabisa siku ile mnayobuku meza. Uma na visu nitavifikia baadae maana kusema kweli hicho ndo kitu kidogo kuliko vyote ulivyouliza.

Kwanini mapema? Watu wengi wanadhani sosi ya Kifaransa inapikwa pale pale ukishaagiza, yaani shefu akiambiwa asiweke waini basi anaacha tu. Haiko hivyo. Ile sosi nyeusi inayong'aa kwenye sahani imeanza jana au juzi, mifupa imechomwa kwenye oveni, ikamwagiwa waini, ikachemka masaa na masaa mpaka ikabaki kidogo, ikachujwa, ikarudishwa tena jikoni ikapungua tena. Saa ya kula ikifika kilichobaki ni kuipasha na kutia siagi. Sasa wewe ukifika mchana ukasema hutaki pombe, hakuna mtu duniani anayeweza kuitoa ile waini mule ndani, wanachoweza ni kukupa samaki mtupu na kipande cha limao, na hapo ndo watu wanarudi nyumbani wakisimulia kwamba wamelipa pesa nyingi wakalala njaa. Na mtu asikudanganye kwamba pombe ikishapikwa inaisha yote, inapungua ndio lakini haimaliziki, kiasi gani kinabaki inategemea imekaa motoni muda gani. Ila jikoni wakijua siku chache kabla, wanakutengenezea sosi yako mwenyewe, ya supu ya mboga, ya ndimu, ya siagi na majani, na mashefu wazuri kazi hiyo wanaipenda, nawaona, wanakaa wanaifikiria kweli kweli.

Sasa namna ya kuwaambia. Usiandike "halal" peke yake. Wapishi wengi hapa wakisoma hilo neno wanaelewa "bila nguruwe" basi, halafu wanakuletea kuku aliyepikwa kwa waini nyeupe na nia yao ni njema kabisa. Wengine wanajibu tu kwamba nyama ya halali hawana na mazungumzo yanaishia hapo. Na ni kweli, kwenye migahawa ya daraja hili nyama ya halali ni nadra sana kuikuta, kwahiyo achaneni na nyama kabisa, mfuate samaki, vya baharini, mayai na mboga, ambavyo Wafaransa wanavipika vizuri mno na nyinyi watu wa pwani mtavifurahia kuliko hata nyama. Wapeni orodha ya vitu kimoja kimoja. Ukibuku mtandaoni kuna kisanduku cha maelezo, usikiache wazi, bandika haya kama yalivyo:

"Nous ne mangeons ni viande, ni volaille, ni porc, y compris dans les bouillons et les sauces, ni gélatine, et aucun alcool, même cuit, même dans les desserts. Poisson, fruits de mer, œufs, légumes et fromage : avec plaisir."

Hapo umewaambia kwamba hamli nyama, kuku wala nguruwe hata kwenye supu na sosi, wala jelatini, na hamtumii pombe hata iliyopikwa, hata kwenye vitamu vya mwisho, ila samaki, vya baharini, mayai, mboga na jibini mnakaribisha kwa furaha. Hayo maneno ya mwisho usiyafute, jikoni wanahitaji kujua wanachoweza kufanya sio wanachokatazwa tu. Siku mbili kabla watumie tena kwa imeili, au mwombe mtu wa mapokezi hotelini mnapolala awapigie simu, hiyo ni sehemu ya kazi yake na hatashangaa. Wakijibu kwamba hawawezi, msikasirike, mshukuru na mtafute pengine, kuna migahawa yenye menyu moja tu ya jikoni kwa watu wote na kubadilisha kila sahani kwao ni kazi kubwa kweli.

Hata ukishawaambia, jicho lako liwe kwenye menyu, maana kuna maneno yanajificha. Nguruwe sio "porc" na "cochon" tu. Ukiona "lard", "lardons", "jambon", "poitrine fumée", "chorizo", "ibérique", "Noir de Bigorre", huyo huyo. Na kuna "Colonnata", hii inawapita wengi, ni mafuta ya nguruwe yaliyokatwa membamba kama karatasi, mashefu wanapenda kuyalaza juu ya samaki yanayeyuka hata huyaoni. Kwenye samaki waini inajificha ndani ya "beurre blanc", ile sosi nyeupe laini ya siagi, ndani ya "marinière", "matelote", na mara nyingi ndani ya "court-bouillon" ambayo ni maji ya kuchemshia samaki. Supu ya kamba au kamba koche ikiitwa "bisque" kwa kawaida imetiwa konyaki, pombe kali ya zabibu. Upande wa vitamu, "baba" imelowekwa ramu, "canelé" ina ramu, "crêpe Suzette" ina pombe ya machungwa, halafu jelatini iko kwenye vitu vingi vinavyotetemeka na kung'aa, na mara nyingi inatokana na nguruwe. Na "ris de veau" msidhani ni wali, ni tezi za ndama, kila msimu wa watalii lazima nikutane na mtu aliyeiagiza akisubiri wali.

Msione aibu kuuliza. Sheria ya Ulaya tangu mwisho wa 2014 inalazimisha kila mgahawa uweze kukwambia kama chakula kina vitu 14 vinavyoleta aleji, karanga, maziwa, samaki na kadhalika, kwahiyo wahudumu hapa tumezoea kuulizwa sahani ina nini na kila asubuhi kabla ya kufungua tunakaa na shefu anatupitisha kila kitu kimoja kimoja. Swali lako wala sio usumbufu.

Mgahawa gani sasa? Hizo nyota ni za kitabu cha Michelin, kampuni ya matairi, walianza kukitoa 1900 kwa ajili ya wenye magari, nyota zikaja 1926. Moja ni jiko zuri sana, mbili inafaa kukata kona kwenda, tatu inafaa kufunga safari kwa ajili yake tu. Nyota moja inawatosha, na mimi nakushauri hivyo kwa moyo wote, chakula ni kizuri mno, watu hawajakaza shingo, na hela mtakayookoa mtakula siku nyingine mbili. Kama shemeji anataka la kipekee kuna MoSuke, wilaya ya 14 ya Paris, shefu Mory Sacko ni kijana aliyezaliwa hapa Ufaransa na wazazi wa Afrika Magharibi, alifungua 2020 na mwanzoni mwa 2021 akawa ameshapata nyota, anachanganya Afrika, Japani na Ufaransa kwenye sahani moja na nafurahi sana kila nikimtaja. Kuna na Arpège ya Alain Passard, nyota tatu tangu 1996, mwaka 2001 aliitoa nyama nyekundu jikoni akaanza kupika mboga za mashamba yake mwenyewe kwa heshima ambayo wengine walikuwa wanaipa nyama, na 2025 akaenda mbali zaidi akabakiza mimea tu pamoja na asali. Kwa hamu yenu ya kula bila wasiwasi wa nyama huyo ndo mwenyewe, lakini bei ni kali sana, na waini jikoni bado lazima mwaulize.

Mwende mchana. Nasisitiza, mchana. Jiko ni lile lile, mashefu wale wale, ila migahawa mingi ya nyota moja inatoa menyu ya mchana kwa kawaida kama yuro 50 mpaka 90 kwa mtu, na usiku hapo hapo utalipa 100 mpaka 200, nyota tatu usiku ndo unaingia 300 na kupanda. Halafu kuna jambo ambalo kitabu cha utalii hakitakwambia, mwezi wa nane jua la Paris linachelewa kuzama, mwanzoni mwa mwezi Magharibi inaingia kama saa tatu na nusu usiku na mwishoni kama saa mbili na nusu, sasa chakula cha usiku kinaanza saa moja na nusu au saa mbili na kinachukua masaa matatu, yaani Magharibi itawakuta katikati ya sahani. Mchana mnakaa saa sita na nusu, mnatoka saa tisa au tisa na nusu, Adhuhuri huku inaingia karibu saa nane na Alasiri inakaribia saa kumi na mbili jioni, kwahiyo mna nafasi ya kutosha ya kurudi hotelini mkasali bila kukimbizana na mtu.

Angalieni tarehe pia. Mwezi wa nane ndo likizo ya Wafaransa na migahawa mingi mizuri inafunga wiki mbili, tatu, hata nne, iliyo ndani ya hoteli kubwa ndo kidogo inabaki wazi. Jumapili na Jumatatu nyingi zimefungwa mwaka mzima. Bukuni mapema, wiki kadhaa kabla, na wakiomba namba ya kadi sio wizi, ni dhamana, msipotokea au mkighairi dakika za mwisho wanakata kiasi fulani kwa kila mtu, hicho kiasi kimeandikwa pale kisomeni. Watatuma ujumbe wa kuthibitisha, mjibu, wasiojibu wanapoteza meza. Na saa sita na nusu ni saa sita na nusu, mkiona mnachelewa pigeni simu.

Mavazi ni rahisi kuliko unavyoogopa. Shemeji avae shati la kola, suruali ya kitambaa, viatu vya ngozi, na koti alibebe maana kumbi chache za kizamani bado wanalitaka. Raba za mazoezi, kaptula na ndala aziache hotelini. Wewe vaa kitu chako kizuri cha kutokea, kitenge kilichoshonwa vizuri kinapendeza mno kwenye zile kumbi. Mtandio na buibui hakuna sheria inayokataza mgahawani, kilichokatazwa na sheria ya 2010 ni kufunika uso sehemu za wazi kwa umma, na mgahawa umo humo.

Mkifika, neno la kwanza ni "bonjour". Kabla ya jina, kabla ya "tumebuku", kabla ya kutabasamu. Hapa mtu akiingia akaanza na shida yake bila salamu anaonekana hana adabu, na mtu wa pwani hilo halihitaji kufundishwa, kwetu pia huanzi na shida. "Bonjour madame" au "bonjour monsieur", halafu msubiri pale pale mlangoni mpelekwe mezani, msijichagulie. Baada ya hapo Kiingereza kinatosha kabisa, wahudumu wa daraja hili karibu wote wanakiongea.

Mkishakaa tu, mtu atakuja na swali la champeni kwa sauti tamu. Sio zawadi, inalipiwa na sio rahisi. Sema "sans alcool" na umuulize ana nini, siku hizi migahawa mingi ina vinywaji vilivyotengenezwa kwa kulinganishwa na kila sahani, juisi, chai baridi za majani, vitu vya ajabu vizuri. Uliza tu kama kuna kombucha au kitu kilichochachushwa maana hivyo vinaweza kuwa na pombe kidogo ndani, mhudumu atakwambia ukweli. Halafu atauliza maji, "plate ou gazeuse", yaani ya kawaida au ya gesi, hayo ni ya chupa, ya kulipia. Mkitaka ya bomba semeni "une carafe d'eau", ni bure, tangu 2022 sheria inawalazimisha hata kuandika kwamba mteja ana haki ya kuyaomba, ni masafi na hakuna atakayewaangalia vibaya. Mkate nao haulipiwi.

Kitaletwa kitu kidogo ambacho hamkuagiza, kama vile tonge moja au mawili, hicho ni salamu ya shefu na hakimo kwenye bili. Ndo maana nikasema jikoni wajue mapema, hicho hamkichagui nyinyi na mara nyingi wengine wanapewa chenye nyama. Kisha "entrée" ni cha kuanzia, "plat" ndo chakula chenyewe, halafu jibini, halafu kitamu, halafu kahawa peke yake mwisho kabisa pamoja na vitu vitamu vidogo. Jibini linakuja kwenye kitoroli, harufu imejaa ukumbi, uliza kama ni "supplément" maana mara nyingi linaongezewa bei juu ya menyu. Chagueni aina tatu nne, mwambie anayekata mnapenda laini au kali, yeye anajua. Kama mnajali kimeng'enyo cha kugandishia maziwa kinachotoka kwa ndama, mwulizeni hapo hapo.

Haya, uma na visu. Anzia vya nje uingie ndani, basi. Kila sahani ikiondoka vinaondoka na vyake, na mhudumu anabadilisha mwenyewe kabla ya sahani inayofuata, kwahiyo hata ukichukua kisicho chake hakuna kilichoharibika, tunaweka kingine kimya kimya na hakuna anayekumbuka. Kikianguka usikiokote, tutaleta kingine. Mkate unaukata kwa mkono. Mikono iwe juu ya meza, viganja ukingoni, sio mapajani. Ukipumzika weka uma na kisu mbalimbali, ukimaliza vilaze pamoja sambamba ndani ya sahani, hiyo ndo ishara yetu ya kuondoa. Kumwita mhudumu tazama upande wake, inua mkono kidogo, usipige makofi wala kumwita "garçon". Picha pigeni bila flashi. Simu ikiita toka nje.

Bili haitakuja mpaka muiombe. Wageni wengi wanakaa wanasubiri wanaona wamesahaulika, kumbe hapa kuleta bili bila kuombwa ni sawa na kumfukuza mgeni, meza ni yenu mpaka mtakaposema "l'addition, s'il vous plaît". Bei mliyoiona kwenye menyu ndo bei, kodi imo na huduma imo, ni sheria tangu 1987. Hakuna asilimia ya kuongeza, msije mkafanya kama Marekani. Mkifurahi mkaacha yuro 10 au 20 mezani tunashukuru sana, msipoacha hakuna neno. Kwa mchana wa nyota moja, watu wawili, na maji na vinywaji visivyo na pombe na kahawa, andaeni yuro 200 mpaka 250 hivi, mkipata menyu ya bei ya chini zitabaki. Kadi inapokelewa, ila piga simu benki yako kabla ya kusafiri uwaambie utakuwa Ufaransa wasije wakaizuia.

Na kitu kimoja nusura kinipite, ikiwa shemeji ndo kabuku na wewe ukapewa menyu isiyo na bei, usishtuke, kwenye baadhi ya kumbi za zamani bado wanampa mwalikwa menyu ya hivyo na bei anaziona mwenyeji peke yake. Ukitaka zenye bei, omba.

Kwenye kile kisanduku cha maelezo ongeza pia kwamba ni miaka 10 ya ndoa, "nous fêtons nos 10 ans de mariage". Migahawa inapenda kujua hilo, wanawatafutia meza nzuri, wanaandika kitu kwenye sahani ya mwisho, wengine wanaleta mshumaa. Ila baadhi ya migahawa huwapa wanandoa glasi mbili za champeni bure, kwahiyo hiyo sentensi iwe palepale pamoja na ile ya hakuna pombe, kwenye ujumbe mmoja, sio ujumbe mbili tofauti, maana inayosomwa ukumbini na inayosomwa jikoni inaweza isiwe moja.